Mboga zipo Tengeru, walaji wapo Muriet: tuanzie wapi?

Swali limetoka kwa msomaji wa Muriet, Arusha. Nimelifupisha kidogo tu:

"Shikamoo mtaalamu. Huku kwetu Muriet ya ndani maduka yapo kila kona. Utapata sembe, mafuta ya kupima, biskuti, soda, chipsi mpaka usiku. Mboga ni kabichi, na nyanya zilizochoka. Nikitaka mnafu, matembele au tunda la watoto, napanda bodaboda mpaka barabarani, kisha kifodi hadi soko la Kilombero hapa mjini, na kurudi vivyo hivyo. Kikundi chetu cha hisa tuko wanawake 22 na tumetenga shilingi 600,000 ili mboga na matunda mabichi yapatikane hapa mtaani kwa bei ya mama wa kawaida. Wengine wanataka tununue friji la kioo tufungue duka. Wengine wanasema tulime kwenye magunia, wengine tuombe kwanza mkopo wa halmashauri. Mimi nina watoto watatu na mdogo wameniambia zahanati kwamba damu yake ni ndogo. Tuanzie wapi?"

Marahaba, dada yangu. Pole na safari za Kilombero, na pole kwa kuuguza. Huyo mdogo nitamrudia mwishoni, maana naona ndiye aliyekusukuma kuandika.

Nianze na fedha. Laki sita za wanawake 22 ni jasho, na zikipotea mara ya kwanza hakuna atakayechanga mara ya pili. Kwa hiyo friji msinunue. Friji la kioo limetengenezwa kwa ajili ya chupa. Majani ukiyaweka humo bila kuyafunika yanakauka kingo na kunyauka, na luku inakatika palepale mnapoihitaji. Nimewahi kutembelea kikundi kimoja Arumeru kilichopewa chumba cha baridi na wafadhili. Wafadhili walipolipia umeme, mboga zilikaa vizuri. Walipoondoka, kina mama wakapiga hesabu wakakuta umeme wa wiki unazidi faida ya wiki. Nilipokwenda mara ya mwisho chumba kile kilikuwa kimejaa viti vya plastiki vya kukodisha kwenye sherehe. Iliniuma, kwa sababu wanawake wale walifanya kila walichoambiwa. Walipewa jibu la swali ambalo halikuwa lao.

Swali lenu ninyi ni la safari. Umezungukwa na mboga wewe. Kaskazini yako miteremko ya Meru inapata mvua ya kutosha, na wanawake wa Akheri, Nkoaranga na Poli wanashuka na mizigo kichwani kwenda soko la Tengeru kila Jumatano na Jumamosi. Hapo hapo Tengeru kuna kituo cha utafiti wa mazao ya bustani kilichotoa nyanya za Tanya na Tengeru 97 mwaka 1997, nyanya ngumu zinazovumilia safari. Tangu mwaka 1992 Arusha pia ina kituo cha kanda cha Kituo cha Mboga cha Dunia, kinachoshughulikia mboga zetu za asili: mnafu, mchicha, ngogwe, loshuu, mgagani. Baadhi ya mbegu zilizotoka huko zimepewa majina ya kwetu. Kuna mnafu unaitwa Nduruma, kuna mwingine Olevolosi. Nyanya za Ngarenanyuki zinapakiwa kwenye malori zinavuka Namanga kwenda Kenya. Halafu wewe, mkazi wa jiji hilihili, unakula kabichi siku tano mfululizo.

Usidhani ni Arusha peke yake. Iringa na Njombe zinalisha nchi hii, na bado zimo katika mikoa yenye udumavu mkubwa kuliko yote. Kitaifa tumeshuka kutoka watoto 42 waliodumaa katika kila 100 mwaka 2010 hadi 30 mwaka 2022. Ni hatua ya kweli, lakini 30 bado ni wengi mno, na hawapungui kwa kulima tu.

Sasa tupige hesabu ya safari yako. Namba hizi ni za mfano; weka za kwako. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi ni 2,000 na umenunua mboga za 3,000. Katika shilingi 5,000 ulizotoa, 2,000 zimeliwa na barabara: senti 40 katika kila shilingi. Sasa tuseme ninyi 22 mmechangia mzigo wa 250,000 na mkakodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kwa 25,000. Usafiri umekuwa sehemu ya kumi ya bei ya mzigo. Bei ya shambani haijabadilika hata kidogo, mkulima hajapunjwa, na bado mboga imeshuka bei mlangoni kwako.

Je, wanawake 22 ni wateja wa kutosha kujaza gari? Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, viazi na mihogo haihesabiwi humo. Tuchukulie kila nyumba ina watu watano, na tusiwapunguzie watoto ili tupate kiwango cha juu. Watu 110 mara gramu 400 ni kilo 44 kwa siku. Hata mkifikia nusu yake tu, ni kilo 154 kwa wiki. Huo ni mzigo wa gari, na hapo sijamhesabu jirani hata mmoja. Ninyi wenyewe ni soko, dada yangu, ila kila mmoja amekuwa akienda sokoni kivyake.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: msifungue duka. Kuweni wasafirishaji. Nunueni pamoja, leteni pamoja, na wauzieni mzigo wale mama wenye magenge waliopo tayari mtaani. Najua baadhi yenu mmewachoka kwa sababu ya kabichi zao. Lakini kaa kidogo upande wao wa meza. Mama wa genge anaamka saa 9 usiku ili awahi Kilombero, anarudi na kiroba kwenye bodaboda, na ana mtaji wa siku moja tu. Akinunua mafungu 40 ya mnafu kwa 300, ametoa 12,000. Yakinyauka 10, yale 30 yaliyouzwa yamemgharimu 400 kila moja kabla ya nauli na kabla ya ugali wa wanawe. Ndiyo maana analeta kabichi. Kabichi inamsubiri mteja wiki nzima, mnafu haumsubiri hata mpaka kesho asubuhi. Yeye si mvivu wala hana roho mbaya. Ameelewa hesabu yake vizuri kuliko sisi tunaomlaumu.

Hasara hiyo ndiyo ya kupunguza, na dawa yake ni oda. Kila jioni mtu mmoja wa zamu akusanye kwa simu au kwa daftari: nyumba ipi inataka mafungu mangapi ya nini. Mama wa genge akijua 25 kati ya 40 yana wenyewe, atauza 36 badala ya 30, na kila fungu litamgharimu kama 333. Hapo anaweza kushusha bei na bado akapata. Sijaona kitu kingine kinachoshusha bei ya majani haraka hivyo, hata msaada wa fedha.

Wenzetu wa nchi tajiri wamepita njia ndefu mpaka kufika hapa. Philadelphia, Marekani, mtaa mmoja usiokuwa na mahali pa kununua chakula kizuri ulijengewa duka kubwa. Watafiti waliochapisha matokeo mwaka 2014 waliona watu wamelitambua duka hilo na wanasema chakula kimekuwa karibu, lakini ulaji wa mboga na matunda haukupanda. New York wao mwaka 2008 walipitisha utaratibu wa vibali 1,000 vya mikokoteni ya kuuza mboga na matunda katika mitaa isiyo nayo. Nikisoma habari hiyo namfikiria mama anayepita na beseni kichwani akiita "mchichaa, matembelee". Huyo tunaye siku zote, na mara nyingi tunachompa ni kumfukuza barabarani. Basi katika mambo yenu ya kwanza, nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji muombe mahali pa kudumu pa kuweka magenge jioni, penye kivuli na karibu na njia wanayopita watu wakitoka vibaruani.

Nasema jioni kwa makusudi. Mama wa kibarua hana fedha asubuhi. Analipwa saa 10 au 11 jioni, anafika mtaani saa 12, na saa 1 usiku sufuria liko motoni. Genge linalofungua asubuhi na kubaki na majani yaliyochoka jioni limemkosa mteja wake kabisa. Na msilazimishe kilo. Mwenye 500 mkononi anataka fungu la 200 la mnafu, nyanya mbili na ndimu, abaki na ya kiberiti. Fungeni fungu la mchanganyiko la namna hiyo na mtaona linavyoondoka.

Mizigo igawanyeni mafungu mawili. Vitu vinavyovumilia vitoke Tengeru Jumatano na Jumamosi: ndizi mbivu na za kupika, parachichi, papai ambazo hazijaiva sana, ngogwe, karoti, maboga, nyanya, vitunguu. Barabara ya mchepuo inazunguka kusini mwa jiji, kwa hiyo kirikuu halihitaji kuhangaika na foleni ya mjini. Majani ni habari nyingine. Hayakai kutoka Jumatano hadi Jumamosi, na mtu akikwambia yanakaa anakuuzia maneno. Majani mtafutieni mkulima mmoja au wawili wa karibu, wavune siku ile ile, yafike kwa bodaboda kabla ya saa 10 jioni.

Hapa naomba nikuchukue taratibu, maana ndipo wengi wanapopotezea fedha. Jani likishakatwa bado linapumua, na kila saa ya joto linapoteza maji na vitamini C yake. Mnafu uliovunwa saa 6 mchana tayari una joto ndani, ukiubana kwenye kiroba cha plastiki unajipika wenyewe: ukifungua utasikia vuguvugu mkononi na harufu kama ya majani yaliyochacha. Mwambie mkulima avune alfajiri umande ukiwa juu, au jua likianza kulegea. Afunge kwa kamba ya mgomba bila kubana, apange kwenye tenga vikonyo vikiwa chini, afunike na gunia la katani lililoloweshwa maji safi na kukamuliwa. Safarini upepo ukipita kwenye gunia hilo bichi unayapoza majani, bila friji wala luku. Gengeni yanyunyizieni kidogo kila saa, kwa maji ambayo wewe ungekunywa. Nimeona mama akichota kwenye mfereji wa barabarani kunyunyizia mchicha mzuri, na mchicha ule ukawa hatari kuliko ungenyauka.

Maji yananileta kwenye jambo ambalo sipendi kulipita juujuu. Ulizeni mboga imemwagiliwa na nini. Mito inayopita katikati ya jiji, kama Themi na Naura, inabeba uchafu wa watu, wa karakana na wa viwanda, na kando yake kuna bustani nzuri sana kwa macho. Vijidudu unaweza kuviosha na kuvipika. Madini mazito yakishaingia ndani ya jani hayatoki kwa kuosha. Chagueni mkulima wa juu, kwenye mfereji unaotoka mlimani kabla haujafika mjini, hata kama fungu lake linazidi kwa shilingi 50.

Na dawa ya wadudu ni hivyo hivyo. Tangu kantangaze, mdudu anayetoboa nyanya, aingie nchini mwaka 2014, wakulima wa nyanya wamekuwa wakipiga dawa kwa kukata tamaa, wengine mpaka siku moja kabla ya kuvuna. Kila kiuatilifu kina siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa. Mwombeni mkulima wenu aandike kwenye daftari tarehe aliyopiga na jina la dawa, naye apewe sababu ya kufanya hivyo: mnunuzi wa uhakika kila wiki. Mkiwa na shaka, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA, makao yake yako Ngaramtoni, si mbali na ninyi. Nyanya yenye ungaunga mweupe au wa bluu iosheni kwa maji yanayotiririka huku mkiisugua, hasa ya kachumbari, na mjue kwamba si kila dawa inatoka kwa kuosha.

Bustani za magunia ni nzuri, na sitaki kuwavunja moyo wanaozitaka. Ila upande wenu wa jiji ni mkavu, na gunia moja kubwa siku ya jua halitaki chini ya nusu ndoo ya maji. Kama maji mnanunua kwa dumu, hesabu hiyo piga kabla ya kujaza udongo. Gunia moja kila nyumba, lenye matembele, loshuu na sukuma, linatosha kuokoa siku ambayo hakuna fedha kabisa. Hizo kilo 44 haliwezi kuzitoa.

Mkopo wa halmashauri upo kwa haki yenu. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, na 4 kati ya hizo ni za vikundi vya wanawake, bila riba. Muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata awasaidie usajili sasa hivi, kwa sababu unachukua muda. Lakini msikope mpaka mmezungusha fedha yenu wenyewe miezi mitatu na daftari linaonyesha nini kimeuzwa na nini kimeoza. Anzeni na 200,000 ya ile laki sita, zilizobaki zikae. Mali kauli, yaani mzigo anaochukua leo na kulipa akishauza, kwa mama wa genge isizidi mzigo wa siku moja. Anayedaiwa jana alipe kabla hajapakia leo. Ni ngumu kumwambia jirani hivyo, najua, lakini vikundi vingi nilivyoviona vikifa vilikufa kwa daftari la madeni, wala si kwa kukosa wateja.

Sasa mtoto. Damu ndogo ina sababu nyingi, malaria na minyoo ikiwemo, kwa hiyo mboga hazichukui nafasi ya zahanati. Kwa upande wa chakula, madini chuma yaliyo kwenye mnafu na mchicha mwili unayapata kwa shida, na yanahitaji msaidizi. Msaidizi ni vitamini C: kamulia ndimu mezani mboga ikishaiva, au mpe kipande cha chungwa au papai pamoja na chakula. Adui yake ni chai. Majani ya chai yakinywewa na ugali yanakizuia chuma kile kisifyonzwe, hivyo chai iwe mbali na mlo, saa moja au zaidi. Mnafu usiuchemshe mara mbili na kumwaga maji. Osha kwanza, katakata baadaye, pika dakika chache kwa maji kidogo, weka nyanya, na mafuta kidogo au karanga za kusaga, kwa sababu vitamini A ya majani haichukuliki bila mafuta. Magadi acha kabisa kwenye mboga. Najua yanalainisha haraka na kubakisha rangi, lakini yanaharibu vitamini, na magadi ya huku kwetu yana floridi, nasi Arusha floridi ya kwenye maji inatutosha kuchafua meno ya watoto. Ukipata dagaa, wasage uwaweke kwenye mboga hiyo hiyo. Maharage yawepo, na maini hata kidogo mara moja kwa wiki ukiweza.

Dawa ya kuongeza damu aliyopewa usimpe na chai wala maziwa, na usiikatishe kwa sababu amechangamka. Mrudishe tarehe waliyokuandikia wampime tena. Mkishakwenda Tengeru Jumamosi ya kwanza, niandikie bei mlizozikuta na kirikuu lilidai kiasi gani, tuirudie hesabu pamoja kwa namba zenu.